Marehemu Waliopinga Laini ya Stima

Mnaniuliza kila mara kwa nini nikiona fomu ya serikali mimi hutoka nje kupunga hewa. Haya, leo nitawaambia, na mkitaka kucheka chekeni tu, kwa sababu Kiptere nzima ilishanicheka na bado naishi papo hapo. Niliaibika mbele ya kijiji, chifu na wageni kutoka Nairobi, na sina wa kumlaumu.

Mimi ni karani wa banda la chai. Asubuhi napima majani, naita jina la mkulima, naandika kilo. Sasa, aliyelelewa kwenye majani chai anajua kwamba majina ya kitabu cha banda si lazima yawe ya watu wanaopumua. Shamba lilisajiliwa na baba, baba akafa, na kubadilisha jina ni safari za kortini zisizoisha, kwa hivyo familia huliacha jina la mzee likae. Naita "Arap Tonui!" na mjane wake anaitika "Niko!", majani yanapimwa, siku inaendelea. Nimefanya hivyo miaka kumi na mmoja bila kuona ajabu yoyote.

Basi serikali ikaja na mpango wa kutoa stima safi kwenye maporomoko ya mto wetu, stima isiyochoma mafuta wala kutoa moshi, na hakuna aliyeipinga. Shida ilikuwa laini ya kuisafirisha. Ramani ilionyesha nguzo kubwa zikipanda mlima katikati ya majani chai, nasi tulitaka zifuate ukingo wa mto, ambako kuna mikaratusi tu. Sheria inasema wananchi wasikilizwe kabla leseni haijatolewa, kwa hivyo zikaletwa fomu: kila ambaye shamba lake limeguswa aandike jina, nambari ya kitambulisho na maoni, atie sahihi, halafu kungekuwa na kikao. Aliyekuwa na la kupoteza zaidi ni huyo mjane wa arap Tonui, Kogo Tabutany (kogo ni bibi, huku kwetu), kwa sababu nguzo mbili zilipangwa kwenye kipande chake, na kipande chenyewe ni kidogo hivi kwamba ukisimama upande huu unaongea na aliye upande ule bila kupaza sauti.

Naibu wa chifu alinipa mimi fomu zote. "Wewe karani unajua kila mtu," alisema, na mimi nikavimba kichwa.

Nilianza kwa Kogo. Alinawa mikono, akakaa mezani, akaandika ukurasa mzima polepole kwa mkono wake, kisha akanikabidhi. "Karani, hii ifike."

"Itafika, kogo."

Lakini huku huwezi kuingia kwa mtu na karatasi ukatoka bila kunywa. Kwa Kogo nilikunywa mursik (maziwa yetu ya mgando), nyumba ya pili chai, ya tatu mursik tena (na hadithi ya ng'ombe aliyekataa kukamwa, tangu mwanzo hadi mwisho), na kufikia ya nne tumbo lilikuwa ngoma na mvua imeanza. Nikarudi nyumbani nikawaza, na hapa nisimsingizie shetani, nilikuwa peke yangu: watu wote wanasema jambo lile lile, na majina na nambari za vitambulisho ninazo kwenye kitabu cha banda, sasa natembea matopeni kutafuta nini?

Nikajaza zote zilizobaki kwa alasiri moja, nikifuata kitabu jina kwa jina bila kuruka hata moja. Nilibadilisha kalamu, nikabadilisha mwandiko, nikabadilisha hata maoni ili yasifanane. Penye watu wasiojua kusoma nilibandika kidole gumba, cha kulia na cha kushoto kwa zamu. Nilijiona mwerevu kweli.

Siku ya kikao hema lilijaa uwanjani pa shule. Aliyeongoza alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, kutoka ofisi ya leseni Nairobi, na alisema amesoma fomu zetu, zimemgusa, angependa kuwasikia wenyewe wachache.

"Kipkoskei arap Mitei?"

"Niko!" Wesley, mwanawe, aliitika kwa mazoea ya banda na kusimama, ndani ya jaketi yake ya ngozi.

Mama alitazama fomu, akamtazama. "Kwa rejista, nambari hii ya kitambulisho ni ya mtu wa miaka tisini na mmoja, mzee. Umejitunza."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, hadi nikakumbuka mwandiko ni wa nani.

"Arap Tonui?"

Kogo alisimama. "Huyo ni mzee wangu, madam. Tulimzika mwaka wa ile mvua ya mawe."

"Pole sana, mama. Hapa ametia sahihi Jumatano iliyopita."

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikainua mkono kusaidia. "Madam, huku kwetu majina ya chai iko tu kwa wazee. Wamekufa, lakini wako."

"Wamekufa, lakini wako," alirudia taratibu, na wakili wa mradi akaanza kuandika mbiombio. "Na wewe ni nani?"

"Kiprotich Rono. Karani."

Akapekua. "Kuna arap Rono hapa." Alikuwa baba yangu, marehemu. Yule mama wa miwani akasoma maoni yake kwa sauti, neno kwa neno kama nilivyoyatunga: "Mimi ni mzee na afya yangu si nzuri. Laini hii ikipita karibu na nyumba, nitaishi vipi?"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Mama yangu mzazi, safu ya pili, hakucheka. Alijifunika uso kwa leso, na hicho ndicho kitu cha siku ile ambacho hata leo sipendi kukikumbuka.

Fomu zote ziliwekwa kando, za walio hai pamoja na za marehemu, maana nani angezitenganisha? Watu wakaambiwa wanaweza bado kusimama na kusema kwa mdomo, lakini kila mmoja aliogopa kuulizwa nani alimtilia sahihi, wakatazama viatu vyao. Alisimama Kogo peke yake. Alisema vizuri, bila kulia, akaonyesha kwa kidole chai yake ilipo. Lakini sasa alikuwa mtu mmoja, na laini ya serikali haihamishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Leseni ilitoka na ramani ile ile.

Nguzo zimesimama, zote mbili, shambani kwake. Nilienda kuomba msamaha, akanisikiliza, akanipa maziwa, hakunitukana. Nami niliapa sitaandika tena neno kwa niaba ya mtu yeyote, hata awe mgonjwa kitandani akinibembeleza.

Mwezi uliopita zililetwa fomu nyingine, za kuandika mimea iliyoharibiwa wakati wa ujenzi, na nikatumwa kuzigawa. Safari hii nilipita kila mlango, nikanywa kila kikombe. Kogo alijaza yake huku nikisubiri, nikanyoosha mkono kuipokea. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, akachukua mwavuli.

"Asante, karani," akasema. "Hii nitapeleka mwenyewe."

Ofisi iko Kericho mjini, naye magoti yanamsumbua. Nilimfungulia lango.