Fomu Zilizotimia

Nakumbuka Jumatatu moja ya mvua, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Nilikuwa mkuu wa ustawi wa jamii hapa Songea, kijana niliyetoka chuo juzi tu, nafunga tai mpaka koo linaniuma. Sasa na wewe umepewa kiti kama kile, ndiyo maana nakusimulia, ingawa si habari ya kujivunia.

Kazi ya maafisa wangu ilikuwa kuwatembelea wazee wasio na mtu. Kila ziara ilikuwa na fomu yake, na kila fomu ilipigwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilizisoma mezani. Mguu wangu haukuingia nyumba hata moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini nani angethubutu kuniambia?

Kati yao alikuwemo Skolastika, mama mpole aliyenizidi umri kwa mbali. Jumatatu ile wenzake walileta fomu kumi kumi za wiki iliyopita, yeye tatu. Nikamuuliza mbele ya wote alikuwa wapi. Akasema alikuwa mtaa wa Mshangano kwa bibi Mapunda, kipofu anayeishi peke yake. Alimkuta na homa, akamkokea moto, akampikia uji, akakaa naye hadi akala. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nikamwambia serikali haikumwajiri kupika uji, na asiyeweza fomu kumi aandike barua ya kuacha kazi. Wenzake wakacheka, maana bosi akicheka nani atanuna? Yeye aliinamisha kichwa, akasema sawa.

Tangu hapo fomu zake zikawa kumi kila Jumatatu, mihuri yote ipo. Nikamsifu kikaoni, mjinga mimi. Sikujiuliza miguu ileile imepata wapi mbio. Kumbe alikuwa anafika kwa mwenyekiti tu, wanajaza pale barazani, wanapiga muhuri, anarudi zake.

Wiki ya tano majirani walivunja mlango wa bibi Mapunda. Alikuwa amekufa siku kadhaa nyuma, ndoo ya maji imekauka. Mezani kwangu ilikuwepo fomu yake ya wiki hiyohiyo. Imeandikwa: anaendelea vizuri.

Nilimwita Skolastika kwa hasira, nikamuuliza imekuwaje. Hakulia. Na siku hiyo hakuniita bosi.

"Mwanangu," alisema, "nilipokwenda kwake ulinidhalilisha. Nilipoacha kwenda ulinisifu."

Alifukuzwa kazi, na barua niliisaini mimi. Mimi sikuguswa. Akarudi kwao Namtumbo, na kila mwaka nikasema nitakwenda kumwomba radhi. Nilikuja kupata habari za msiba wake tu. Majuto ni mjukuu, na mimi nimemlea peke yangu hadi uzee huu.

Basi nisikilize. Toka na watu wako, japo siku moja kwa wiki, ukanyage tope wanalokanyaga. Afisa akichelewa, muulize kwanza kumetokea nini, na umuulize mkiwa wawili. Usimsifu mtu kwa karatasi kabla hujamwona yule aliyeandikwa humo. Watu wako watakupa kile unachokipenda, hata kama kitaua. Na ukikosea, omba radhi mapema, mwenzako akiwa bado anaweza kukujibu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watumishi wasiokuogopa, na akuepushe na fomu nzuri za watu waliokwisha kufa.