Kumshukia Maiti

Kwetu Kindu, jeneza likipita, mwenye baiskeli anashuka. Anasimama kando, anatazama chini mpaka watu wote wapite.

Wakati wa vita homa ilimwua mume wangu, dawa hazikuwepo. Magari nayo hayakuwepo. Shemeji zangu walimfunga juu ya ubao, ubao juu ya baiskeli, tukaisukuma kwenda makaburini. Njiani tulikutana na askari mwenye bunduki, yuko juu ya baiskeli. Nilimjua: wiki ile ile alikuwa amechukua mbuzi wetu. Akashuka. Namchukia mpaka leo, lakini alishuka, siwezi kusema uongo.

Mwaka huu nimemzika dada yangu. Siku hizi amri ya komini, serikali ya mtaa wetu, inakataza pikipiki za abiria kusimama kwenye barabara kubwa, isipokuwa kwenye parkingi, vituo walivyopangiwa. Wenye pikipiki wakatupita mbio, wakipiga honi. Mmoja tu alizima injini, akashuka, akavua kofia. Polisi wakaikamata pikipiki yake mbele ya jeneza.

Komini ilipoita mkutano juu ya mpango wa mji, nilikwenda kuomba jambo moja: waandike katika amri kwamba kumshukia maiti si kosa. Mtaalamu mgeni alikuwa akionyesha ukutani picha za gari lisilo na dereva. Siku moja, akasema, mji mzima utapanda magari hayo kwa pamoja.

Nikasimama. "Papa, jeneza likipita, gari hiyo itafanya nini?"

"Usiogope, mama. Itaona iko kizuizi, itazunguka."

"Na kofia itavua nani?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Dada yangu, kizuizi!

Nikatoa ombi langu. Mkubwa wa komini akasema, "Tumesikia, mama."

Jana amri mpya imebandikwa. Nimeisoma mara mbili, kwa kidole. Parkingi zimo, jaketi za namba za wenye pikipiki zimo. Maiti hamo.

Leo nimemsindikiza yule kijana wa pikipiki polisi. Kwenye karatasi yake, mahali pa kosa, wameandika: kusimama ovyo.

"Futa," nikamwambia polisi wa mezani. "Andika: alimshukia maiti."

"Mama, nafasi haitoshi."

"Andika herufi ndogo."

Nikakaa kwenye benchi mpaka jua likageuka. Mwishoni aliandika, amenuna, pembeni ya karatasi. Pikipiki hawakuitoa. Kesho nitarudi kwenye benchi lile lile.