Vinkubala vya Mutondo Wetu

Nina hasira, na leo nitaisema, maana siku ile niliimeza. Mama mkwe hafokewi. Kwetu Likasi hata kumkazia macho ni kukosa adabu, sembuse kumpigia kelele.

Kila mwaka, majani mapya yanapochipua kabla ya mvua, nakaa bustanini asubuhi kuangalia vipepeo. Majirani wananicheka: mama wa watoto wanne anakodolea macho wadudu! Wacheke. Mwaka jana nilimkuta nondo, yule kipepeo mnene wa usiku, ameng'ang'ania jani la mti wetu, mutondo, anataga mayai. Alikuwa mpana kama kiganja changu. Mutondo ule ndio pekee uliobaki mtaani. Mingine yote imechomwa makaa, na waliochoma ndio hao hao wanaouliza vipepeo wamekwenda wapi. Mungu wangu!

Mayai yakaanguliwa, viwavi, vinkubala kama tunavyoviita, wakajaa mtini. Nilitaka wakue, washuke, wajizike ardhini, na mvua ya mwaka unaofuata niwaone wakitoka wana mabawa. Hilo tu, basi. Lakini mimi nashinda sokoni, kwa hiyo nikamwomba mama mkwe, tunayeishi naye: “Mama, munichungie bile binkubala ku mutondo.” Sikusema ni vya nini. Niliona haya.

Akachunga, tena kweli kweli. Mwezi mzima na kigoda chake na fimbo, anafukuza ndege, mbuzi, hata shemeji yake mwenyewe. Nami kila jioni namshukuru, mpumbavu mimi! Nani hapa asiyejua vinkubala vinachungwa mpaka lini? Siku vinapoanza kushuka kwenye shina, ndiyo vimeiva.

Siku hiyo nilirudi nikakuta mti mtupu. Mkekani, juani, vimeanikwa vyote, vimekamuliwa matumbo, vimechemshwa na chumvi. Hakikubaki hata kimoja. Mezani kulikuwa na bukari, ndio ugali wetu, na sahani ya vile vinono kuliko vyote, vimekaangwa na kitunguu.

“Nilikuchungia byote,” akasema. “Hata ndeke haikukula kamoja. Na miye sijaonja, nilikungojea weye.”

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikautukana mti. Niliutukana mpaka koo likauma. Kisha nikarudi nikamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba nilitaka wageuke vipepeo, niwaangalie.

“Kuangalia?” akauliza. “Sasa juu ya nini haukusema, mutoto yangu? Ningechunga ya kuangalia.”

Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa miiba ya wale viwavi. Alikuwa ameshinda tangu asubuhi akivikamua kimoja kimoja, mwanamke wa umri ule, kwa ajili yangu.

Nilinawa, nikakaa, nikala mpaka sahani ikaisha. Vilikuwa vitamu, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.