Dundu wa Haboba

Udi ukifukizwa mahali popote, mimi huutazama mkono wangu. Haboba, ndivyo sisi Wanubi wa Tororo tunavyomwita bibi, aliifukizia udi pete yake ya fedha kila Ijumaa kama alivyofukizia nguo. Ilikuwa na dundu wa jiwe la kijani, wa zamani mno, ambaye babu zake waliokuwa askari walikuja naye kutoka Misri. Dundu huyo alizunguka kwenye waya: ukitaka unaona mgongo wake, ukitaka unaona tumbo lenye michoro. Sisi watoto tulipenda kumzungusha mpaka tufukuzwe.

Kwetu pete hiyo humwendea mjukuu wa kike wa kwanza akishafunga Ramadhani yote. Nikafunga, siku nyingine kwa kulia. Haboba akanivusha hadi Busia, upande wa Kenya, kwa sonara, aipunguze initoshe. Njiani nilivimba kichwa, msinicheke, nikasalimia hata nisiowajua.

Dukani tulikuta wasichana waliokuja kutoboa masikio. Mmoja akauliza, "Nyanya, hiyo ni nini?"

"Ni dundu ile nasukuma mavi ya ng'ombe," haboba akajibu kwa fahari. "Watu ya zamani ya Misri walikuwa naheshimu yeye."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Kwa hivyo huyu msupa ndio atavaa mdudu wa mavi?"

Sonara alikuwa ameshakishika kidole changu anakipima. Nikauchomoa mkono, nikauficha kwapani. 

Haboba alinitazama kidogo, kisha akamwambia sonara, "Wacha tu, fundi. Kidole ya huyu mtoto bado kidogo. Tutakuja siku ingine."

Hatukurudi. Tangu hapo kila nilipomwona haboba, dundu alikuwa amegeuziwa ndani, tumbo juu, ikionekana michoro tu. Nilishukuru kimoyomoyo. Nilijiambia haboba naye ameona haya, ameelewa, na nikatembea naye sokoni bila wasiwasi.

Alipofariki, baada ya arubaini, shangazi alinikabidhi pete. Nikaivaa tumbo la dundu likiwa juu, kama nilivyozoea kuiona. Shangazi akashangaa.

"Mbona hivyo? Mama alikuwa navaa mgongo juu siku zote. Akisikia tu sauti yako kwa mlango, ndio nageuza."

Niliketi palepale mkekani, mtu mzima, nikiona aibu kuliko ile ya dukani. Miaka yote nilidhani haboba anaificha aibu yake. Kumbe alikuwa akinisitiri mimi, ndani ya nyumba yake mwenyewe.