Nililegeza Kizibo cha Chupa ya Mwenzangu

Admin, jina langu baki nalo wewe. Mimi ni dada wa miaka 32, naishi Bariadi, sijaolewa. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya mradi unaotengeneza mashine za kupoza maziwa ya wafugaji kwa joto la jua. Ndani ya mashine kuna maji yaliyochanganywa na chumvi maalumu. Kazi yangu ni kuyapima: uzito wake, yanavyotiririka, yanachemka kwenye joto gani.

Miaka minne nilipima peke yangu. Kisha akaletwa Minza (si jina lake), binti wa miaka 24 kutoka Nkoma, kwao wakulima wa pamba. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kushika ule mrija wa kioo tunaopimia mtiririko. Baada ya miezi mitatu, vipimo vyake vilikuwa vinalingana kila akirudia, vyangu vinayumba. Bosi akawa anasema mbele ya wageni, "Hii mpeni Minza, ana mkono mtulivu." Nilicheka na wengine, lakini iliniuma. Kilichoniuma zaidi, binti hakuwa na maringo. Kila asubuhi ananisalimia Kisukuma, "Mwangaluka, dada," na chai ananimiminia.

Siku moja ya mvua alipotoka kwenda nyumbani, nikalegeza kizibo cha chupa yake. Chumvi ile hunyonya unyevu wa hewani, mchanganyiko ukawa mwepesi. Asubuhi nikakikaza kabla hajafika. Mashine ikarekebishwa kwa kufuata vipimo vyake, ikashindwa kupoza, maziwa ya wafugaji yakachacha.

Bosi alipogundua mchanganyiko uliingia unyevu, akamuuliza Minza, "Uliacha chupa wazi?"

"Hapana, bosi. Muulize dada, ananijua."

Bosi akanigeukia. Nikasema, "Mimi sikuona."

Akaachishwa kazi, akarudi Nkoma kuchuma pamba.

Juzi amenitumia ujumbe. Kuna maabara Mwanza inamtaka, ila wanahitaji mtu wa kumdhamini kwa barua. "Dada, nimekuandika wewe. Ni wewe tu unayejua kwamba sikuiacha ile chupa wazi."

Nimeusoma mara nyingi, sielewi kama ananiamini au anajua. Barua peke yake haitoshi, Mwanza watampigia bosi, naye atasema binti ni mzembe. Nikimwambia bosi ukweli, kazi sina, na mama yangu ananitegemea. Tena niwe mkweli: nilipoona neno Mwanza, nilichohisi kwanza ni wivu, aibu ikaja baadaye.

Barua inatakiwa Ijumaa. Ndugu zangu, hata mkinitukana nitasoma, ila nishaurini: nianze kwa bosi, au nianze kwa Minza?