Bi Zabadi Hakuwa Wangu

Harufu ya kalamu za rangi, zile zenye spiriti zinazochoma pua, bado hunirudisha kwenye chumba chetu cha Al-Mahjar, kusini mwa Jeddah, katika likizo ndefu ya kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Jua lilikuwa kali hata kitasa cha mlango wa chuma hakikushikika kwa mkono mtupu, kwa hiyo watoto tulifungiwa ndani tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri. Kiyoyozi cha dirishani kilinguruma na kudondosha maji kwenye ndoo, nami na Rukia tulilala kifudifudi sakafuni, karatasi zimetapakaa, viwiko vimechafuka rangi. Rukia alikaa ghorofa ya juu yetu. Alikuwa Mzanzibari wa rika langu, na mama yake alipika sambusa za kuuzia majirani. Baba yangu, Mkenya, alikuwa dereva wa kampuni, na kiangazi hicho alileta nyumbani kompyuta kuukuu na skana ambazo ofisi yao ilitaka kuzitupa. Tangu siku hiyo nikajiona mtu mkubwa katika jengo zima, na sikumwacha mtu yeyote asahau.

Rukia alichora ngawa. Kwao ngawa ni mnyama wa kufukuzwa, mwizi wa kuku mwenye harufu yake, lakini Rukia alimsimamisha kwa miguu miwili, akamvisha kizibao cha kijani na hereni moja ya fedha, na lile baka jeusi la machoni akalifanya wanja uliopakwa kwa haraka. Akampa jina la Bi Zabadi, kwa sababu ya zabadi, yale manukato yanayotoka kwa ngawa. "Huyu ndiye mie," aliniambia. "Nikiwa yeye, hapana anonambia ninyamaze." Mimi nilichora sungura. Alikuwa na masikio marefu, na hilo ndilo jambo pekee la kusema juu yake. Nilimwonea Rukia wivu, wivu ule wa kitoto unaokaa tumboni kama chakula kisichosagika, nami nilimpenda vilevile.

Kwenye ile kompyuta tuligundua kwamba hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na ukumbi wa mtandaoni wa watu waliochora wanyama wenye mwendo, mavazi na huzuni za binadamu, na kila mmoja alikuwa na mnyama wake aliyekuwa yeye mwenyewe kwa sura nyingine. Wenyewe hujiita mafuri, kwa neno la Kiingereza la manyoya. Baadaye nilizisoma habari zao hadi nikawa ndiye ninayeulizwa. Walianza Marekani, vijana waliokulia kwenye katuni na hadithi za anga za mbali, wakikutana pembeni mwa mikutano ya watu wengine na kuoneshana michoro vyumbani mwa hoteli. Walitengeneza vijitabu kwa mashine ya fotokopi wakatumiana kwa posta. Kisha wakahamia mtandaoni, na baadhi yao wakaanza kushona manyoya wakayavaa kabisa. Watu waliwacheka na kuwazushia mengi. Mimi sikuona ajabu, kwa maana bibi yangu wa Murang'a alikuwa akitusimulia fisi anayedai mahari na kulalamika kama shemeji. Lakini mafuri walikuwa na sheria moja ambayo tuliisoma mimi na Rukia pamoja, vichwa vimegusana mbele ya kioo cha kompyuta: mnyama wa mtu ni wa mtu. Humchukui, na ukimwonesha, unataja jina la mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa yetu, kwa hiyo akaunti niliifungua kwa jina langu. Nikaskani ngawa wa Rukia na sungura wangu, nikawaweka. Sungura hakuulizwa na mtu. Kwa Bi Zabadi watu walimiminika, na mmoja akauliza kama ni mimi niliyemchora. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nikaandika kwamba ndiyo. Neno dogo namna hiyo. Kesho yake Rukia alishuka na kisahani cha sambusa, akauliza, "Wasemaje?" Nikamwambia wanampenda sana. "Na wanajua kama ni wangu mie?" Nikamwambia wanajua. Alicheka kwa furaha hadi akapaliwa, nami nikala sambusa zake tatu.

Likizo haijaisha, kafili wa baba yake Rukia, yaani mdhamini wake wa kazi, akakataa kumfanyia ikama mpya, kile kibali cha kuishi nchini, na familia nzima ikapewa siku chache za kuondoka. Mama yangu alipanda kuwasaidia kufunga maboksi. Rukia akashuka na daftari lake, kurasa zote za Bi Zabadi, akaniwekea mikononi. "N'tunzie. Kwetu hatuna kompyuta, we endelea kumtia humo. Ila jina langu ulitie, Njeri, usije ukasahau. N'kifika n'tatafuta pahala pa intaneti nimwone." Mama alinikuta nalia, akanikumbatia akidhani ni uchungu wa kuachwa na rafiki. Nililia kwa hofu. Kabla gari lao halijafika uwanja wa ndege nilikuwa nimebadilisha jina la akaunti, ili atakapotafuta asimwone.

Leo nafanya kazi ya kuchora katuni Riyadh, na ngawa mwenye kizibao ndiye aliyenifungulia mlango huo. Zamani tulijificha na michoro yetu. Siku hizi kuna maonyesho ambako vijana hutembea na mikia na masikio ya manyoya mchana kweupe, na wazazi wao huwapiga picha. Juzi nilialikwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Al-Malqa, niwaeleze kundi la wasichana wa chuo asili ya mafuri. Niliwaeleza vizuri. Niliwataja waliotangulia, nikawasisitizia kwamba asiyemtaja mwenye mnyama ni mwizi. Msichana mmoja akainua mkono. "Na wewe, Bi Zabadi ulimpata wapi?" Nikamjibu, "Alinijia tu, nikiwa mtoto." Baadaye aliniletea mchoro wake wa ngawa huyo, hereni ikiwa pahala pake, na pembeni, kwa herufi ndogo za adabu, alikuwa ameandika kwamba mnyama huyu ni mali yangu. Aliomba nitie sahihi. Nilitia.

Daftari bado ninalo, na kila ukurasa una jina la Rukia kwa penseli. Naona aibu kulifungua, na naona aibu zaidi kwamba hata ungamo hili nimelichagulia Kiswahili, lugha isiyosomwa na yeyote kati ya wale wanaonipigia makofi. Nilijiambia ni kwa sababu ndiyo lugha tuliyochezea. Uongo mwingine huo. Nimeichagua kwa sababu hapa sitapoteza kitu. Lakini wewe unaisoma, Rukia, popote ulipo, na hukuwahi kunyamazishwa na mtu isipokuwa mimi. Ngawa ni wako. Kesho nitawaandikia wale wasichana haya haya, kwa Kiarabu.