Mkeka Uliopigwa Lakiri

Siku yangu ya kwanza katika bohari ya serikali, Lindi, nilikabidhiwa mshumaa na kijiti cha lakiri, ile nta nyekundu ya kufungia barua. Bwana Bohari, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wetu, akaniambia: "Karani, serikali hainunui kwa maneno matamu. Inanunua kwa sampuli."

Nyinyi vijana mnadhani ununuzi wa serikali ni kwenda dukani tu! Sisi tulikuwa na kitabu cha kanuni kutoka Dar es Salaam, na mkaguzi akija hasalimu mtu kabla hajafungua kabati. Muuzaji alileta zabuni, yaani barua ya bei yake, pamoja na sampuli. Akishinda, sampuli ilifungwa kamba, kamba ikapigwa lakiri, na mali yote ikalinganishwa nayo. Kanuni nzuri, sikatai. Iliwakomesha wajanja wengi.

Hospitali ikataka mikeka ya wagonjwa. Bi Somoe wa Kitomanga, msukaji mikeka, akaleta sampuli ya ukindu wa rangi, ukili wake, ule utepe uliosukwa, mwembamba, lo! Nikaipiga lakiri huku natabasamu. Hapo ndipo nilipokosa. Nilipaswa kumwonya kwamba mikeka yote italinganishwa na ule.

Mali ilipofika, ilikuwa mikeka imara ya kulalia, lakini ya kawaida. Bwana Bohari akatoa sampuli kabatini, akalinganisha, akatikisa kichwa. "Kataa yote."

Nikamfuata Bi Somoe uani. "Shikamoo, mama." Nikamweleza.

"Marahaba. Mwanangu, mgeni akija kwako utamtandikia mkeka wa jikoni? Niliwaleteeni ule wa binti yangu, wa harusi yake. Haya, hii nitaiuza gulioni. Nipe ule wangu niende zangu."

Masikini! Sampuli yenye lakiri hairudishwi mpaka mkaguzi aione, na mkaguzi hatukujua atakuja lini. Nikarudi ndani kumwombea. Bwana Bohari hakuinua hata macho.

"Ukivunja lakiri, acha funguo mezani uende kwenu."

Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikazishika, nikaziachia, nikazishika tena. Mke wangu alikuwa mjamzito, nyumbani Mtanda, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Nikatoka mikono mitupu. Bi Somoe hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Nilihamishiwa Kilwa, nikarudi Lindi nikiwa karani mkuu, nikastaafu na barua ya kunisifu kwa uaminifu. Watu wakija kunipa hongera, mimi kiti hakikaliki. Nainuka, nakaa, nainuka. Wao hawajui kwamba binti wa Bi Somoe aliolewa mwezi uleule mikeka ilipokataliwa, akakalishwa juu ya mkeka wa kuazima.